Likoni hadi Bukoba, Kuitafuta Kahawa ya Marehemu Twaha

Timbwani: kikombe hakirudishwi

Mashoga zangu, tangu nirudi kila mmoja wenu akipita barazani kwangu ana swali lile lile: Mishi, ulikwenda wapi hasa, na mbona umerudi umekonda hivyo? Nimewajibu nusu nusu kwa sababu nilikuwa hoi. Miguu ilivimba, kiuno kilikataa kuinama, na honi za basi nilikuwa nikizisikia hata nikiwa msalani. Sasa nimepata nafuu kidogo. Acha niyaandike yote mara moja, msome, mpeane, kisha mniache nilale.

Baba mnamjua, lakini nitaeleza kwa ajili ya wale walioolewa mbali. Mzee Juma wa kahawa ametembeza dele lake, lile birika la kuuzia, hapa Timbwani tangu mimi sijazaliwa. Dele la shaba, makaa chini yake, na vikombe mkononi anavigonganisha hata watoto wakajua saa ya alasiri kwa mlio huo. Mimi kazi yangu ni ya jikoni. Nakaanga buni, natwanga, nakuna tangawizi, napasua iliki. Yeye anachemsha na kuuza. Mkono wake wa kuchemsha sijaona anayeuweza, na sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu.

Buni yetu yote ilitoka kwa Mzee Twaha, aliyekuwa na stoo Changamwe. Twaha akafariki, Mungu amrehemu, na stoo ikafungwa. Baba akaanza kununua buni kwenye maduka, leo hapa kesho pale. Siku ya kwanza nilipoitia kikaangoni nikajua siyo. Moshi wake haukuwa ule. Nikamwambia, akanijibu buni ni buni, wewe kaanga.

Sasa mnajua mila yetu. Kwetu kikombe hakirudishwi. Ukishapewa kahawa unakunywa mpaka chini, unashukuru, iwe nzuri iwe mbaya. Baba mwenyewe ndiye aliyetufunza tukiwa wadogo, kwamba kumrudishia mtu kikombe na kahawa ndani ni kama kumtemea usoni. Basi wateja wake wakawa wanakunywa ile kahawa mbaya kwa adabu zao zote. Wakishamaliza, ahsante Mzee Juma, Mungu akupe afya. Lakini cha pili hawaombi. Baadaye wengine wakaanza kupitia njia ya nyuma ya msikiti ili wasikutane naye.

Mtu akiona watu wanapungua na hakuna aliyelalamika, atalaumu nini? Baba akajilaumu mwenyewe. Jioni moja alirudi na dele limejaa, akaimwaga kahawa yote, akalitundika msumarini, akaniambia, "Mishi, ulimi wangu umekufa. Naonja na sijui naonja nini. Nimekwisha."

Nikamwambia, "Baba, ni buni. Wewe huna kosa."

"Wanionea huruma, mwanangu."

Tangu siku hiyo akawa anakaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Chakula anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Kahawa haonji kabisa. Jambo hilo lilinichoma, sitaficha. Mtu aliyelea watoto kwa mkono wake na ulimi wake, sasa anaamini vyote viwili vimemtoka, na mimi nikimwambia kweli anaiona ni huruma. Nikaona dawa ni moja tu. Niipate buni ile ile ya Twaha, popote inapotoka, nimtilie kikombeni, aseme mwenyewe.

Nikamwacha na wifi yangu Riziki. Nilimwambia Baba nakwenda Nairobi kumtazama Saumu, binti wa marehemu dada yangu, aliyejifungua. Na kweli alikuwa amejifungua, kwa hivyo sikusema uwongo, nilisema nusu. Mambo ya tiketi na makaratasi ya mipakani sitawahadithia, yanachosha kuyasikia kuliko kuyafanya.

Changamwe: ukuta unaotoa jasho

Mnadhani Changamwe ni karibu. Siku hiyo feri moja ilikuwa mbovu, tukasimama juani mpaka leso ikanigandia mgongoni. Nilipofika kwa mjane wa Twaha, Bi Zainabu, adhuhuri imeshaadhiniwa.

Na kwa mtu kama Bi Zainabu huingii ukauliza buni. Ulianza mkono wa pole, japo nilishautoa msibani. Zikaja habari za Baba, habari za Likoni, habari za goti lake. Kikaja chakula, wali na mchuzi wa papa, na huwezi kuuliza jambo la dukani mtu akiwa na tonge mkononi. Nilipopata upenyo jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Mwanangu," akaniambia, "marehemu hakuwa mtu wa kusema. Lori lilikuja kutoka bara, likashusha magunia, basi. Likija lingine, magunia mapya anayaweka mbele, anauza yale ya zamani ya nyuma. Bara gani, sijui."

Tukaenda stoo. Sasa mkwe wake anauza magodoro mle ndani, amepakia mpaka darini. Tulipoingia akaanza kulalamika. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama mkono wa bahari, unatoa jasho mchana na usiku, na kila godoro linaloegemea pale linanuka. Ameupaka rangi, rangi imebambuka. Nikaugusa. Ulikuwa na ubaridi na chumvichumvi, rangi ikaniganda kwenye vidole. Nikajifuta kwa leso na sikuwaza zaidi.

Bi Zainabu akapekua chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlibaki buni konzi moja tu, ya mwisho ya Twaha. Punje zake zilikuwa za duara, zimevimba kidogo, rangi imefifia kama majani makavu. Nikanusa na machozi yakanitoka. Ilikuwa ni alasiri ya nyumbani kwetu ndani ya kopo. Nikaifunga kwenye pindo la leso, nikaondoka.

Nairobi: vikombe vya dunia nzima

Basi la Nairobi lilisimama karibu na Mtito kwa sababu lori limelala katikati ya barabara. Tulikaa pale tukala mahindi ya kuchoma mpaka meno yakauma. Jirani yangu, bwana mmoja mwenye koti, akaniambia nisiwe na haraka kwa kuwa mbele ni baridi tu. Alisema kweli.

Saumu ni karani katika ofisi moja inayoonja kahawa kabla haijasafirishwa. Alikuwa likizoni na mtoto wake, lakini aliniombea kwa mwenzake, Wanjiru, ambaye kazi yake ni kuonja. Ni msichana mwembamba, mpole, ana Kiswahili cha bara lakini adabu anazo. Akanipeleka kwenye meza ndefu iliyopangwa vikombe.

"Mama, kabla tuangalie yako, onja hizi kwanza ndio ujue tofauti," akasema. Akachota kwa kijiko, akavuta kwa mlio kama bomba linalonyonya hewa, kisha akatema kwenye ndoo.

Nikapigwa na butwaa. Akanipa kijiko. "Wewe pia tema tu, mama, usimeze."

Nimtemee mwenyeji wangu kahawa yake, mbele yake, kwenye ndoo? Nikameza. Akarudia kunionya nisimeze, nikaitikia, nikameza tena.

Cha kwanza kilikuwa cha Nyeri. Kilinishika taya zote mbili, ukwaju mtupu, na nyuma yake zambarau. Nikasema kwa heshima kwamba labda imechacha. Wanjiru akacheka, akaniambia huo uchachu ndio sifa yake, ndio watu wa mbali wanaoufuata. Cha pili kilitoka Uhabeshi, na wallahi niligeuka kutazama nyuma nani aliyevaa kikuba cha maua, maana chumba kizima kilikuwa asumini. Cha Yemeni kilikuwa zabibu na tende. Cha Brazili, njugu zilizokaangwa. Kilikuwepo kimoja cha Sumatra, kizito, kinanuka udongo uliolowa na chumba kilichofukizwa udi jana yake. Hicho ningekunywa tena kama moyo haungekuwa umeshaanza kunidunda.

Nikamuuliza inakuwaje, si mti ni mmoja.

"Jamii ni mbili tatu, mama, lakini hata mti mmoja hubadilika," akasema. "Ukiupanda juu kwa baridi, tunda linachelewa kuiva, ndio unapata uchachu na harufu. Chini kwa joto linaiva haraka, linakuwa na uchungu na uzito. Halafu kuna kukausha. Wengine wanaosha, wengine wanaanika tunda nzima kwa jua, hiyo ndiyo inaleta zabibu. Sumatra wao huondoa ganda kabla punje haijakauka. Kahawa inakumbuka kila mahali imepita."

Ndipo nikafungua pindo. Akazitazama punje, akakaanga chache, akavuta, akatema.

"Hii si ya Kenya. Ni robusta, ile jamii ya chini kwenye joto. Imetoka kando ya ziwa, ningesema Bukoba. Lakini mama, imezeeka sana. Imekunywa unyevu wa bahari mpaka ukali wake wote umelala. Hapa kwetu tungeikataa."

Mashoga zangu, alisema maneno mengi na mimi nilisikia moja tu, tungeikataa. Damu ikanipanda. Nikamwambia marehemu Twaha hakuuza kitu kibovu siku hata moja, na Baba amewanywesha watu kahawa hiyo mika na mikaka na hakuna aliyeumwa tumbo. Msichana wa watu akaniomba radhi, akainama, akanifungia vipakiti vidogo vya zile tulizoonja nije navyo nyumbani. Nikavichukua huku nimenuna.

Sikulala hata kidogo. Nilizimeza zote, mioyo ilikuwa kama miwili kifuani. Asubuhi Saumu akaniuliza kwa nini sikutema, na nilipomweleza akasema, "Mama mdogo, wewe na Babu mtakufa kwa adabu."

Malaba: chupa ya mama wa Elgoni

Basi la kwenda Uganda liliharibika kabla ya mpaka, likatengenezwa, likaharibika tena mpakani penyewe, mvua inanyesha. Malori yamejipanga hadi macho yanapokoma. Nilikuwa nimechoka uchovu ule wa kutaka kulia bila sababu. Nikampigia Riziki. Akasema Baba amekataa hata uji, na dele lile pale msumarini limeanza kutu ya kijani.

Kando yangu alikaa mama mmoja jina lake Nafuna, mfanyabiashara wa vitunguu, kwao ni mteremko wa Mlima Elgoni upande wa Mbale. Kiswahili chake alikiokota sokoni. Akaniona nafuta macho, akafungua chupa yake ya chai, kumbe ni kahawa.

"Kunywa, dada. Kulia nayo inataka nguvu."

Nilikuwa nimeapa sinywi kahawa tena mpaka nifike nyumbani. Lakini kikombe kimeshawekwa mkononi, ningefanya nini? Ilikuwa laini, tamu yenyewe bila sukari, ladha ya sukari guru na ganda la chungwa. Nzuri mno. Siyo ya Baba.

Nikamweleza safari yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe natafuta kahawa ya mzee kwa nchi tatu, na yeye najua?"

"Hajui."

"Na kama hiyo kahawa iko mbaya?"

Nikakimaliza kikombe. Akanipa konzi ya buni yao nikafunga kwenye pindo jingine. Kwa chakula akaniagizia ndizi zilizopondwa na mchuzi wa njugu, na mimi nikasubiri ndizi za nazi kama zetu, tamu. Zikaja hazina nazi, hazina sukari, hazina chumvi. Nikala, nikashukuru. Cha pili sikuomba, ndipo nikawakumbuka wateja wa Baba.

Bukoba: buni ya kutafuna

Kampala nilipita nimelala. Masaka nilipita nimelala, na Mutukula mpakani nilisimama kwenye foleni macho wazi lakini nimelala. Bukoba iliniamsha kwa harufu, maana siku hiyo kila ua limeanikwa kahawa.

Dereva wa bajaji akanipeleka kwa mama mmoja mkulima, Ma Kokugonza, mwanamke wa makamo, mrefu, anayesema taratibu kama mtu anayehesabu baraka zake. Alinikaribisha kwenye mkeka, akaleta kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, ndani mna buni zilizochemshwa na majani kisha zikakaushwa. Akanisogezea.

Mimi na uchovu wangu nikadhani ananionyesha bidhaa. Nikachukua kadhaa, nikazigeuza, nikazinusa, nikazifunga kwenye leso, nikamuuliza, "Mamangu, gunia ni vipi?"

Uso wake ukabadilika. Akalivuta lile kapu nyuma taratibu.

"Mgeni," akasema, "kwetu buni haifungwi kwenye nguo. Mwenyeji anatafuna, mgeni anatafuna, ndipo watu wanaongea. Wewe umeanza na gunia."

Niliona aibu ya kuzama. Mimi, binti wa Mzee Juma, niliyemeza meza nzima ya Nairobi kwa kulinda adabu, nimekuja kuivunja hapa kwa mikono miwili. Nikaifungua leso, nikazitoa zote, nikatia moja mdomoni, nikaitafuna mbele yake. Ilikuwa chungu, ngumu, ina moshi na gamba la mti, kisha mwishoni ikaja ladha kidogo ya mahindi ya kuchoma.

"Nisamehe, mamangu. Kwetu sisi ni kikombe. Kikombe hakirudishwi."

"Hamkirudishi hata kikiwa kibaya?"

"Hata kikiwa kibaya."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi nyie mna shida. Sisi kikombe kibaya tunasema." Akalirudisha kapu mbele yangu, tukatafuna wote.

Alinikalisha kwake siku zilizofuata kwa sababu mvua ilikata njia. Alinilisha ndizi na maharage, na siku moja akaweka sahani ya senene, wale panzi wa kijani waliokaangwa. Nikasita. Akaniambia Waislamu wa hapo wote wanakula. Nikajisemea nzige ni halali, na huyu ni wa ukoo wa nzige, bismillahi. Wana ladha ya kamba waliokaangwa wakakauka. Hao niliomba cha pili, na msinicheke.

Kisha akanipa buni yake nikakaanga mwenyewe. Moshi ulipopanda moyo ukaruka, maana ulikuwa ule. Nikatwanga, nikatia tangawizi na iliki niliyotoka nayo nyumbani, nikachemsha kama Baba. Uchungu ule ule, uzito ule ule. Lakini mwishoni, nyuma ya ulimi, kulikuwa na ukali unaokwaruza ambao kahawa ya Baba haikuwa nao. Nikaonja tena na tena. Ilikuwa kama mdogo wa mtu unayemjua, sura ndiyo, sauti siyo.

Nilikaa kwenye ule mkeka, kikombe mkononi. Nikasema huyu msichana wa Nairobi kakosea, au mimi nimekosea, na dunia ni kubwa na ziwa lina pande nyingi na sina miguu ya kulizunguka. Nikachukua gunia dogo kwa sababu sikuweza kurudi mikono mitupu. Ma Kokugonza alinisindikiza stendi akiwa amelibeba yeye.

Mwanza, Moshi, Taveta: njia ya kurudi

Sehemu hii sina mengi, niliipita kama mzigo. Nilizunguka kusini mwa ziwa, basi juu ya basi. Gunia nililifanya mto. Mwanza kondakta alitaka likae juu ya basi, mvua inanyesha, nikakataa. Nikalipakata njia nzima kama mtoto, na jirani zangu wakanung'unika nafasi.

Moshi nilishuka asubuhi nikiwa sihisi nyayo. Muuza kahawa akanipa kikombe kimoja, kahawa ya mlimani, nyepesi, safi, ina kilimau na asali. Nilikunywa nikaona ni nzuri na haikunifurahisha. Nikanunua konzi moja, nikafunga pindo, kwa mazoea tu.

Hapo ndipo Riziki aliponipigia. Baba haendi tena msikitini. Anaswali chumbani. Imamu alikuja kumtazama, Baba akamjibu kwamba yeye sasa ni mtu wa kungoja siku yake tu.

Nililia kutoka Moshi hadi Taveta na sikujali nani ananitazama. Nilikuwa nimekwenda mbali kote kule na narudi na kitu ambacho mimi mwenyewe najua siyo. Nikajiuliza nitamtazamaje. Voi tulikaa, Mariakani tulikaa, na Changamwe tulikwama kwenye foleni ya malori mbele kidogo tu ya stoo ya Twaha, sikugeuza hata shingo.

Timbwani tena: mtu aliyevaa asumini

Nilifika alasiri. Baba alikuwa kitandani, uso ukutani, amepungua mabega. Nikamshika mkono.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Saumu hajambo? Mtoto?"

"Hawajambo wote, wanakusalimu."

Sikumwambia lolote. Nikaenda jikoni, nikakaanga, nikatwanga, nikachemsha kwenye sufuria kwa sababu dele sikuthubutu kuligusa. Nikamletea kikombe.

"Sinywi, Mishi. Nilikwambia ulimi umekufa."

Sikubishana, sikuwa na nguvu hizo. Nikauchukua mkono wake, nikakiweka kikombe ndani yake, nikaketi sakafuni.

Alikitazama. Alinitazama mimi. Mnamjua, hawezi kukirudisha. Kikombe kimeshafika mkononi, na mila hiyo kaifunza yeye. Akakipeleka mdomoni.

Alikunywa kidogo. Akanywa tena. Kisha akageuka kutoka ukutani, mzima mzima, miguu ikagusa chini.

"Nani kafungua stoo ya Twaha?"

"Hakuna, Baba. Mle ndani mna magodoro."

"Usinichezee. Hii ni yake." Akanywa tena, akafumba macho. "Ni yake lakini haijalala. Hii imetoka shamba juzi, ina ukali hapa nyuma ya ulimi. Ya Twaha ilikuwa na harufu ya ule ukuta wake wa nyuma, ukuta wa majimaji. Nikimtania sana, nikimwambia, Twaha, wewe watuuzia ukuta. Hii ukuta haina."

Nikatazama vidole vyangu. Nikakumbuka ile rangi iliyonigandia, na magunia ya mbele na ya nyuma, na yule msichana wa Nairobi aliyeniambia waziwazi kwamba buni hii imekunywa unyevu mpaka ukali umelala, na mimi nikamnunia. Nimepanda milima na kuvuka mipaka kutafuta kitu ambacho niligusa siku ya kwanza nikajifuta kwa leso.

Lakini siyo hilo lililonifanya niinuke. Niliinuka kwa sababu nimegundua ni nani aliyeniambia habari ya ukuta: Baba, kwa kuonja tu. Nikavifungua vile vipakiti na mapindo yangu yote, nikakaanga kidogo kidogo, nikachemsha kila moja peke yake bila tangawizi. Nikaanza na ya Uhabeshi.

Baba akanywa, akageuza kichwa huku na huku. "Nani kavaa asumini humu ndani?"

Nikampa ya Nafuna. "Sukari guru," akasema, "na chungwa." Ya Moshi akasema limau. Ya Nyeri ilimkunja uso wote. "Ukwaju huu. Mwanangu, hiki kama ingekuwa si wewe ningekirudisha." Akakimaliza.

"Ulimi uliokufa huo, Baba," nikamwambia.

Alikigeuza kile kikombe kitupu mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Watu wangu walikuwa wakinywa nini, muda wote ule?"

"Kahawa mbaya, Baba."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Ulitufunza wewe."

Akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya yote mawili.

Siku ya pili alilishusha dele msumarini, akalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa. Gunia alisema liwekwe chini ya kitanda chake, ligusane na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, mpaka masika ipite. Nikamwambia Bi Zainabu angetupa nafasi stoo. Akasema hapana, atalala nalo mwenyewe.

Kwa sasa anauza ile changa, sehemu tuliyoibakisha jikoni. Kila anayempa kikombe anamwambia, hii haijakomaa, asiyeipenda aseme. Wiki iliyopita fundi cherehani wa pale kona alikirudisha kikombe nusu. Baba akakipokea, akaionja ile nusu, akamwambia, "Kweli."

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, namsikia anapiga magoti kando ya kitanda. Anatia mkono guniani, ananusa, anasema, "Bado." Kisha anavaa kofia yake anatoka.